TUTA LA MBOGA KANDO YA UA: ACHA HATUA MOJA



Hapa Garissa mvua ni haba, kama milimita 300 hivi kwa mwaka, nayo huja mara mbili: Gu (Machi hadi Mei) na Deyr (Oktoba hadi Desemba). Hata hivyo, familia yenye ploti ndogo pale Iftin yaweza kula mboga ya nyumbani ikitumia ile nafasi ya kando ya ua ambayo hukaa bure. Leo tueleze jinsi ya kujenga tuta lililoinuliwa, na kwa nini lisigusane na ua.

Kwa nini kuinua?

Udongo mzuri na mbolea hukaa pahali pamoja, na kila kata ya maji huenda kwenye mboga. Maji ya mvua yakituama uani, mizizi haiozi. Na mama mzee hana haja ya kuinama sana. Lakini tusemezane ukweli: tuta la juu hukauka upesi. Kama udongo wako hauna chumvi na maji hayatuami, afadhali uchimbe tuta la chini, lenye kina cha sentimita 20 hivi.

Kwa nini hatua moja?

Wengi huegemeza udongo kwenye ua ili wasijenge ukuta wa upande huo. Hasara yake ni hii: unyevu huozesha nguzo, mchwa hupanda bila kuonekana, na udongo husukuma ua upande wa jirani mpaka kukawa na kesi. Mbuzi aliye nje naye akiona majani hapo karibu, hana adabu. Ua ukianguka usiku mmoja tu, kazi ya miezi mitatu imekwisha.

Basi acha hatua moja kubwa, upate kupita, kutengeneza ua na kuangalia mchwa. Kama ua ni wa mathenge ulio hai, acha zaidi, maana mizizi yake itafuata maji yako.

Namna ya kujenga

1. Zungumza na jirani kwanza. Mwonyeshe utakapojenga, mkubaliane mpaka uko wapi.

2. Ukiweza, chagua upande wa mashariki wa ua. Jua la asubuhi litafika, na jua kali la alasiri litazuiwa.

3. Pima urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati. Lainisha ardhi ya chini kwa jembe.

4. Jenga ukuta wa nusu mita. Mawe yakikosekana, jaza magunia mchanga uyapange. Kwa ndani tandika turubai kuukuu pembeni tu. Chini pabaki wazi.

5. Changanya udongo sehemu 2 na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri sehemu 1. Tuta zima huchukua wilbaro 16 hadi 20. Usimwage majivu mengi, kwa sababu udongo wetu mara nyingi una magadi tayari.

6. Mwagilia siku chache, kisha panda sukuma wiki, mchicha, kunde au bamia. Funika udongo kwa nyasi kavu.

Maji yatoke wapi?

Tuta hili lahitaji kama jerikeni moja ya lita 20 kwa siku wakati wa joto: nusu asubuhi, nusu jioni. Kwa anayenunua maji ya mkokoteni wa punda, huo si mchezo. Kwa hiyo tusimwage ovyo. Maji ya udhu hayana sabuni, na nyumba nyingi hutawadha mara tano kwa siku. Weka beseni uyakinge. Maji ya kuoshea mboga na mchele pia yafaa. Yale ya sabuni ya kufulia yaache, yataongeza chumvi kwenye udongo.

Kikundi kisianze na matuta kumi. Jengeni moja kwa mwanachama mmoja, mlitazame msimu mzima, kisha mhamie kwa mwingine.

Ya kujadili kikundini

- Ni nani kati yetu ua wake hauwezi kuzuia mbuzi? Tuanze kwa kumsaidia huyo.
- Kila nyumba humwaga maji kiasi gani kwa siku?
- Tuta likianza kuzaa, jirani wa upande wa pili atapata nini?