Upepo wa Chula hauna mpaka, utabiri wake unao

Kabla ya bei na kabla ya ushuru, mfanyabiashara wa baharini kati ya Lamu na Kismayo huuliza upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, mashua hupita na mizigo hufika. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, nahodha mwenye akili hupandisha chombo pwani akakaa kushona nyavu. Katikati kuna tanga mbili, majira ambayo upepo haujaamua unakotaka kwenda, na anayekosea hesabu hapo hulipa kwa mzigo wake.

Chula ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, vile vidogo vilivyopangana kando ya pwani kutoka Kismayo hadi Ras Kamboni, pamoja na Koyama, Chovai, Ngumi na Ndoa. Watu wake husema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili ambayo mtu wa Faza au Kiunga haihitaji kufasiriwa. Ni wavuvi wa tangu na tangu, na kaka zao wa upande wa Lamu ni ndugu kwa damu, si kwa hotuba. Vita vya 1991 viliwatawanya: wengi walivuka kwa mashua hadi Lamu, Malindi na Mombasa, na baadhi hawakurudi tena.

Somalia ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023, na tarehe 4 Machi 2024 ikawa mwanachama kamili. Tangu siku hiyo mashua inayotoka Chula kwenda Lamu haitoki nje ya Jumuiya. Mambo ya forodha yatachukua muda wake. Mpaka wa bahari uliochorwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 12 Oktoba 2021 Kenya iliukataa, na huo nao ni mjadala mrefu. Lakini lipo jambo moja lisilohitaji kusubiri wanasheria, nalo ni kujua bahari hii inabadilika vipi, na nani anaipima.

Cha ajabu ni kwamba upepo wa Chula ni maarufu sana kwa wanasayansi. Mwaka 1969 John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alieleza mkondo wa upepo unaokimbia kiasi cha mita 1,500 juu ya ardhi wakati wa kusi. Unatoka upande wa Bukini, unavuka Ikweta juu ya Kenya na Somalia, kisha unapinda kuelekea Bara Hindi ukiwa umebeba unyevu. Mkulima wa mpunga wa Kerala anategemea mvua zinazoletwa na upepo ambao huku kwetu unafunga bahari. Upepo huohuo husukuma mkondo wa maji wa Somalia kwenda kaskazini kwa kasi inayoweza kupita kilomita 7 kwa saa, na kule juu, karibu na Ras Hafun, maji baridi hupanda kutoka kilindini hata joto la bahari likashuka chini ya nyuzi 20. Kaskazi ikirudi, mkondo hugeuka. Maji ya Somalia hushuka kusini na kukutana na yale yanayopanda kutoka Tanzania, mahali fulani mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Yanapokutana huko, samaki hupata chakula.

Nahodha anayajua haya bila karatasi. Wazee wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku kumi kumi, wakijua katika mwongo upi upepo hugeuka na katika upi mvua hunyesha. Makunduchi bado husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Ila hesabu hiyo hudhani kwamba mwaka ujao utafanana na uliopita, na miaka imeanza kukataa kufanana. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Somalia na kaskazini mwa Kenya. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko makubwa. Mji wa Luuq ulio kando ya mto Juba ulizama, na anayepeleka bidhaa bara kutoka Kismayo anajua tope lilimgharimu kiasi gani.

Baharini nako kuna la kukumbuka. Mwanzoni mwa 2002 samaki walikufa kwa wingi kutoka pwani ya kusini mwa Somalia hadi Kiunga, na matumbawe yakaugua. Watafiti walioichunguza miamba ya Kenya walilihusisha tukio hilo na mlipuko wa mwani wenye sumu, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Mkasa ulivuka mpaka bila pasipoti. Uchunguzi uliofanyika vizuri ni ule wa upande wa Kenya.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja ni vita, na hakuna haja ya kuizunguka. Nyingine ni ya zamani zaidi, na inatuhusu sisi wenye kusema habari za ujirani. Wakoloni walipoanza kupima bahari yetu kwa vyombo, walipima bahari zao. Mwaka 1957 B. S. Newell alichapisha uchunguzi wake wa awali wa maji ya pwani ya Afrika Mashariki ya Waingereza: Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Somalia ya kusini ilikuwa chini ya Waitalia, kwa hiyo haikumhusu. Shirika la utafiti wa samaki wa baharini la Afrika Mashariki, lenye makao yake Zanzibar, lilirithi mipaka hiyohiyo. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 shirika nalo likagawanywa. Zanzibar ikapata Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1978, na Kenya ikaanzisha taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979. Chula haikuwamo katika mgao, maana haikuwahi kuwamo katika hesabu.

Hiyo taasisi ya Zanzibar, ambayo sasa ina kampasi yake ufukweni Buyu, inafaa kutazamwa kwa makini na yeyote anayefikiria Chula. Si kwa majengo yake. Ni kwa sababu ya biashara moja ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua kwa gunia: mwani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya kazi ya miaka mingi ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wakazidi 20,000, wengi wao wanawake. Mwani ni wa aina mbili. Spinosamu hukua kwa urahisi na bei yake ni ndogo. Kotonii hutoa utomvu mzito zaidi, ule unaotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu, na bei yake ni kama maradufu. Mama aliyelima kotonii alisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati.

Halafu kotonii ikaanza kufa. Ilipauka, ikalainika, ikakatika kwenye kamba. Kwanza wakulima walilaumiana, wengine wakalaumu mbegu, wengine wanunuzi. Dk. Flower Msuya wa taasisi hiyo alikwenda mashambani akasikiliza, akapima. Shamba la mwani hufungwa kwenye vigingi katika maji mafupi, yale ambayo mwanamke huweza kuyaendea kwa miguu maji yakitoka. Maji hayo hupata joto la jua haraka kuliko yale ya kilindini, na joto lilikuwa limezidi kile ambacho kotonii huvumilia. Dawa iliyojaribiwa ilikuwa kupeleka mwani kwenye maji marefu na baridi zaidi, ndani ya nyavu ndefu kama mikono ya shati, mbinu iliyotoka Brazil.

Hapo utafiti ukagongana na maisha. Maji marefu yanataka mashua, na wanawake wengi wa mashamba hayo hawakuwa na mashua wala hawakujua kuogelea. Jibu la maabara lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa linawahamisha wenye shamba na kuwapa wanaume. Ikabidi kuogelea kufundishwe, mashua zitafutwe, na zaidi ya hayo thamani ya ile spinosamu ya bei ndogo iongezwe. Kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 2006 wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, serikali na wanunuzi, akina mama wa vijiji kama Bweleo walianza kutengeneza sabuni na unga wa mwani wao wenyewe. Sabuni hizo wafanyabiashara wetu wamezibeba hadi Mombasa na kwingineko.

Sisemi Chula walime mwani. Bahari yao ni nyingine, na kusi huko ni kali. Ninachokisema ni kwamba kituo cha chuo kikuu kilijua kotonii inakufa kwa sababu kilikuwa karibu na waliokuwa wanaifunga, na kilisahihishwa na haohao kilipokosea. Kambakoche wa visiwa vya Wabajuni nao ni mali, na wanunuzi wake wapo upande wa Kenya. Bahari yao ikipata joto kama ile ya 1998, iliyopausha matumbawe kuanzia Somalia hadi Msumbiji, kambakoche atakosa pa kujificha. Nani atakuwa pale kumuuliza mvuvi alichokiona?

Somalia haijakaa bure. Mogadishu, Chuo Kikuu cha SIMAD kina taasisi yake ya hali ya hewa na mazingira. Kismayo kuna chuo kikuu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, mradi wa FAO uitwao SWALIM umekuwa ukirudisha vipimo vya mvua na vya mito ya Juba na Shabelle vilivyopotea vitani. Lakini Mogadishu ni mbali na Chula, na mto si bahari.

Kwa mvua, kituo kinachowahudumia wote ni ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD kilichopo Kenya, kilichoanza mwaka 1989 kama kituo cha kufuatilia ukame. Kila mwaka, kabla ya vuli, hukutanisha wataalamu wa nchi 11, Somalia na Tanzania zikiwamo, na kutoa utabiri wa msimu. Mfanyabiashara ajifunze kuusoma. Ukisema uwezekano ni asilimia 50 wa mvua kuzidi wastani, maana yake nusu nyingine bado ipo, kwa hiyo punguza mzigo wa barabara ya tope, usiufute. Na ukisikia wataalamu wakisema Bahari ya Hindi upande wetu ina joto kuliko upande wa Indonesia, kaa macho: ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, na miaka yote mitatu vuli ilifurika. Agosti 2023 kituo hicho kilisema mapema kwamba mvua zitazidi. Waliosikia walihamisha maghala.

Kwa mawimbi, mambo ni mengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kila siku, kwa Kiswahili, kasi ya upepo na urefu wa mawimbi kwa mita. Idara ya Kenya hutoa tahadhari zake kwa pwani ya Kenya, na pwani ya Kenya inaishia Kiunga. Hawana kosa, mamlaka yao yanaishia hapo. Viongozi wa Jumuiya walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na taarifa ya bahari ni mahali pazuri pa kuanzia kukitumia. Kirefusho cha taarifa hiyo kutoka Kiunga hadi Kismayo, kikisomwa kwa Kiswahili na kwa Kisomali, hakihitaji mkataba mpya. Kinahitaji makubaliano ya idara mbili na redio.

Kipimajoto cha bahari cha kuacha ndani ya maji mwaka mzima hutosha mkononi. KMFRI na taasisi ya Buyu wanavitumia. Wakishirikiana na chuo cha Kismayo, vijana wawili wa Chula wanaweza kufunzwa kukitunza na kukisoma. Usalama wa visiwa hivyo ni kikwazo, na mtafiti kutoka nje atafikiri mara mbili kabla ya kupanda mashua. Ila wakazi wenyewe wako pale tayari, na bahari huingia nayo kila siku.

Kaskazi itarudi Disemba. Kutoka Lamu hadi Kiunga nahodha atakuwa na taarifa kwenye simu. Kutoka Kiunga kwenda mbele atatazama mawingu.