Bunduki 'Ilijifyatua': Je, Ungeamini?

TUSEME wewe ndiwe jaji. Kizimbani yupo mlinzi wa ghala moja mtaani Burumba, mjini Busia. Mwenzake amekufa kwa risasi moja ya kifua. Mshtakiwa anasema, "Mheshimiwa, hatukuwa na ugomvi. Bunduki ilifyatuka yenyewe." Mama wa marehemu anakutazama. Utaamua vipi?

Kisa hicho ni cha mfano tu, msomaji, lakini utetezi wenyewe ni wa kale. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema mtu hana hatia kwa jambo lililotokea bila hiari yake au kwa ajali. Hata hivyo, hakimkingi mzembe.

Ni nani basi athibitishe?

Wengi hudhani ni mshtakiwa. La, hasha! Mwaka 1934 huko Uingereza, kijana mfanyakazi wa shambani, Reginald Woolmington, alimfuata mkewe aliyekuwa amerudi kwa mamake. Mke akafa kwa risasi. Kijana alidai alitaka tu kumtisha kwamba angejiua, bunduki ikafyatuka. Jaji aliwaambia waamuzi kuwa ni juu ya kijana kuthibitisha ajali, naye akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 mahakama ya juu kabisa ilimwachilia: ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kuwa haikuwa ajali. Kanuni hiyo hufuatwa Kenya hadi leo, na Katiba ya 2010 yasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe.

Hiyo si kusema kila hadithi huaminiwa. Jiulize:

• Je, bunduki ni nzima? Mtaalamu wa silaha huipima aone kama yaweza kufyatuka ikianguka au ikigongwa, au ni lazima kidole kivute.

• Risasi ilipita wapi? Daktari aliyepasua maiti hueleza ilikoingia na ilikotokea. Masizi ya baruti kwenye nguo huonyesha mtutu ulikuwa karibu.

• Zilikuwa ngapi? Moja yaweza kuponyoka. Tatu, moja baada ya nyingine, ni vigumu.

• Kabla na baada ya hapo? Je, kulikuwa na vitisho? Alikimbia, au aliita msaada?

Baada ya hayo, milango ni mitatu. Ikiwa yawezekana kweli ilikuwa ajali isiyo na uzembe, aachiliwe. Akiwa alichezea bunduki ovyo, ameua bila kukusudia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Ikithibitishwa alikusudia, hilo ni kosa la mauaji.

Kenya iliuona mlango wa pili mwaka 2009. Tom Cholmondeley, aliyeshtakiwa kumuua Robert Njoya huko Soysambu mwaka 2006, alisema aliwalenga mbwa. Jaji Muga Apondi hakuona nia ya kuua, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kwa kuwa alikuwa amekaa rumande miaka mitatu, alimwongezea miezi minane. Wengi walinung'unika.

Nawe, iwapo mkasa kama huo utatokea ploti yenu, usiiguse bunduki, wala usifue nguo zenye damu. Andikisha ulichokiona, si ulichosimuliwa. Haki ya mama yule, na ya mlinzi yule pia, yaweza kutegemea doa moja la baruti.