Mkimbiaji Mmoja, Mbwa Watatu: Mazoezi ya Mbio na Hulka za Wanyama Jijini London

Mazoezi ya mbio na malezi ya mbwa ni shughuli mbili ambazo kwa mbali huonekana kuwa moja, kwa kuwa zote hudai miguu, njia na saa za alfajiri. Hata hivyo, anayefuga mbwa watatu katika nyumba ya London hugundua mapema kwamba ratiba yake ya mbio imeandikwa kwa ajili ya mwili mmoja, ilhali miguu inayosubiri mlangoni ni kumi na miwili na haikubaliani juu ya mwendo. Wengi hujaribu kulitatua jambo hili kwa kuwafunga mbwa wote kamba na kuwaburuta katika mbio moja, nalo ni kosa, kwa sababu kinachopaswa kugawanywa ni zoezi lenyewe, kila mbwa apewe kipande kinacholingana na hulka yake, yaani mwelekeo wa asili unaomfanya mmoja apende kukimbiza, mwingine apende kunusa, na mwingine aogope kila kivuli.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa kwamba mbwa ahitaji kupangiwa mazoezi. Katika miji na vijiji vingi vya Kenya na Tanzania, mbwa ni mlinzi anayelala nje na kujichagulia mizunguko yake ya usiku, na mbwa koko hana anayemwamuru aende wapi. Mbwa wa London huishi nyuma ya mlango uliofungwa, hata ndani ya ghorofa, wala hatoki mpaka mtu amtoe, na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamwajibisha mfugaji kumpa mnyama wake nafasi ya kuishi kwa namna iliyo ya kawaida kwake. Wajibu huo haupungui kipupwe kinapoingia, ambapo katika mwezi wa Desemba jua la London huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mfanyakazi anayetaka kukimbia na pia kuwatoa mbwa wake hubaki na nafasi mbili tu, zote za gizani, na ndiyo maana huzichanganya shughuli hizo, kwa ufinyu wa muda zaidi kuliko kwa mapenzi.

Kwa bahati, mazoezi ya mbio hayafanani kutoka siku moja hadi nyingine. Kuna mbio nyepesi, ambazo mtu huzikimbia huku akiweza kuzungumza bila kukata pumzi. Kuna mbio ndefu za mwisho wa juma. Kuna mbio za vipande, ambazo mkimbiaji huenda kwa kasi kubwa kwa dakika chache kisha hutembea ili apumzike, akirudia hivyo mara kadhaa. Na kuna mwendo wa kupasha misuli moto mwanzoni na kuipoza mwishoni, ambao wakimbiaji wasio na subira huuruka. Katika nyanda za juu za Kenya, huko Kaptagat alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, mshindi wa London Marathon katika miaka ya 2015, 2016, 2018 na 2019, wakimbiaji hawaoni haya kuanza mbio nyepesi kwa mwendo wa kujikokota, kwa kuwa siku ya polepole ina kazi yake sawa na siku ya kasi. Ni utofauti huo wa mazoezi unaompa mfugaji wa mbwa wengi mahali pa kumweka kila mmoja.

Mbwa aina ya Greyhound ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. London imemjua kama mwanariadha kwa karibu karne nzima, kwani uwanja wa White City, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1908 na ambao mbio za marathoni za kilomita 42.195 zilimalizikia ndani yake, baadaye uligeuzwa kuwa uwanja wa mashindano ya mbwa, na viwanja vingine vikafuata. Ule wa Walthamstow ulifungwa mwaka 2008, wa Wimbledon mwaka 2017, na wa Crayford mapema mwaka 2025, hata ukabaki ule wa Romford peke yake ndani ya mipaka ya jiji. Wengi wa mbwa hao hustaafu na kuchukuliwa na familia, na mwenye nyumba anayependa mbio hudhani amepata mwenzi wa kilomita 20. Ukweli ni kwamba Greyhound huweza kupita kasi ya kilomita 60 kwa saa, lakini mashindano yake ya mita 400 hivi huisha kabla ya sekunde 30, na baada ya hapo hutaka kulala sehemu kubwa ya siku. Anayefaa kwake ni mkimbiaji wa vipande, amtoe kwa dakika chache za mwisho, kwenye nyasi ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, maana mbwa huyu huwinda kwa macho, na akishaona sungura hasikii jina lake.

Border Collie, aliyezalishwa kwa ajili ya kuchunga kondoo katika vilima vya mpaka wa Uingereza na Uskochi, ana tatizo la kinyume chake. Huyu hamalizwi nguvu na kilomita 10, na mfugaji anayejaribu kumchosha kwa kumwongezea masafa kila wiki hujikuta ametengeneza mwanariadha asiyechoka tena. Anachohitaji ni kazi ya akili pamoja na ya miguu: aamriwe kusimama, kugeuka, kusubiri, kisha aendelee, ili mbio nyepesi ziwe kwake kama siku ya machungani. Labrador hukimbia vizuri iwapo hajanenepa, ila husimama kwa kila mabaki ya chakula yaliyotupwa njiani. Basenji, mbwa mdogo wa Bonde la Kongo ambaye habweki kama wenzake, aliyeonyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937, ana wepesi wa swala na utiifu wa paka. Jina lake lenyewe litamtabasamisha Mswahili, kwa kuwa neno hilo la kutoka Kongo ni ndugu wa karibu wa neno washenzi, na wala hulka yake ya kujiamulia mambo hailikanushi.

Yuko pia mbwa asiye na nasaba inayojulikana, mara nyingi aliyechukuliwa kutoka katika makao ya wanyama waliotelekezwa kama yale ya Battersea, yaliyoanzishwa mwaka 1860 huko Holloway. Mbwa wa namna hii anaweza kuwa mwoga, na woga wa mbwa hujitokeza kwa kubweka, kuvuta kamba na kumrukia mpita njia, hata watu wakamwita mkali. Mbio humzidishia shida, kwa sababu mbwa wenye adabu hukaribiana kwa kupinda njia, wakinusana ubavuni, ilhali mkimbiaji humwendea kila mtu na kila mbwa uso kwa uso na kwa kasi, jambo ambalo katika lugha ya mbwa ni uchokozi. Huyo asipewe mbio kwanza. Apewe mwendo wa kupasha misuli, atembee upande wa barabara usio na watu, anuse kila mti anaotaka, kwani kunusa humchosha mbwa kwa njia ya utulivu ambayo mbio haziwezi kuiiga.

Ichukuliwe basi nyumba yenye mbwa watatu, yaani Greyhound mstaafu, Border Collie kijana na mbwa mzee mwoga, na mwenye nyumba ana kilomita 12 za Jumapili katika ratiba yake. Nyumba yenyewe ndiyo inayokuwa kituo. Mkimbiaji huanza kwa robo saa ya kutembea na yule mzee, ikawa ndiyo kupasha misuli. Humrudisha, humchukua Collie kwa kilomita 9 za mwendo mwepesi. Humrudisha naye, kisha humalizia kwa vipande vinne au vitano vifupi pamoja na Greyhound, na kurudi nyumbani kwa miguu huku mwili ukipoa. Hesabu ya kilomita hutimia, na hakuna mnyama aliyeburutwa. Gharama ya mpango huu ni kelele za wanaoachwa, ambao huamini kwamba mlango ukifungwa umefungwa milele. Kwa hiyo kuachwa nako hufundishwa, kwa kuanza na dakika mbili, kisha tano, kila mmoja akiwa na kitu cha kutafuna katika chumba chake, kabla ya mkimbiaji kuthubutu kwenda kilomita moja.

Kuwatoa wawili pamoja si mwiko, mradi wawili hao wapatane na mmoja asiwe mwoga. Hofu huambukiza, na mbwa mtulivu akiunganishwa na mbwa anayebweka hujifunza kubweka haraka zaidi kuliko yule mwingine anavyojifunza kunyamaza. Kila mmoja akaguliwe kwanza akiwa peke yake: je, huitika anapoitwa, huweza kupita mbwa mgeni bila kuvuta, husimama mkimbiaji anaposimama? Ambaye hajayaweza hayo peke yake hatayaweza akiwa na mwenzake.

Mchezo wa kukimbia ukiwa umefungwa pamoja na mbwa huitwa kanikrosi, na ulitokana na waendeshaji wa magari ya theluji ya kukokotwa na mbwa, ambao walihitaji kuwafanyisha mazoezi wanyama wao wakati hakuna theluji. Mkimbiaji huvaa mshipi mpana kiunoni, mbwa huvalishwa mkanda wa kifuani unaoacha koo na mabega huru, na kati yao huwa na kamba ya mita mbili hivi yenye sehemu ya kuvutika kama mpira, inayopunguza mishtuko ya mgongo. Mashindano ya mchezo huu nchini Uingereza kwa kawaida hayamruhusu mtu kufungwa na zaidi ya mbwa wawili. Mbio za bure za kilomita 5 za parkrun, zilizoanzia Bushy Park, kusini-magharibi mwa London, tarehe 2 Oktoba 2004 zikiwa na wakimbiaji 13, zina masharti makali zaidi: pale mbwa wanapokubaliwa, kila mtu huwa na mmoja tu, kwa kamba fupi ya kushikwa mkononi, na tangu mwaka 2023 mshipi wa kiunoni haukubaliwi. Wapenzi wa kanikrosi walilalamika, lakini katika njia yenye watoto na wazee mia kadhaa kamba inayovutika ni mtego wa miguu, na uamuzi huo unaeleweka.

Sheria za jumla nazo hazina budi kujulikana. Mbwa wa Uingereza lazima apandikizwe chini ya ngozi kichipu cha utambulisho, na akiwa hadharani avae ukanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991 humtia hatiani mtu ambaye mbwa wake ameshindwa kudhibitiwa kiasi cha kuwatia watu hofu ya kudhuriwa, hata kama hajamng'ata yeyote. Manispaa zina uwezo wa kuweka kikomo cha mbwa ambao mtu mmoja anaweza kutoka nao, na kadhaa zimechagua wanne. Katika Richmond Park, ambamo mna kulungu zaidi ya 600 na ambamo mwaka 2011 mbwa mmoja aitwaye Fenton alijipatia umaarufu wa dunia kwa kulifukuza kundi zima huku bwana wake akimwita bila mafanikio, mbwa wote hutakiwa wafungwe kamba katika miezi ya Mei, Juni na Julai, kwa kuwa ndio msimu wa kulungu kuzaa.

Zaidi ya sheria kuna ustaarabu. London ina Waislamu wengi, wakiwemo watu wa asili ya Zanzibar, Mombasa na Somalia wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo; mkimbiaji anayewavuta mbwa wake karibu anapompita mtu aliye njiani kwenda msikitini huwa amemwondolea mwenzake usumbufu mkubwa kwa hatua mbili tu. Njia ya kando ya mfereji wa Regent's Canal ni nyembamba na hushirikiwa na baiskeli, hivyo haifai zaidi ya mbwa mmoja. Anayetaka kwenda mbali akumbuke kwamba treni za kitaifa huruhusu mbwa wawili bure kwa kila abiria, lakini katika treni za chini ya ardhi mbwa hubebwa kwenye ngazi za umeme, na Greyhound wa kilo 30 kifuani mwa mtu aliyetoka kukimbia ni zoezi jingine ambalo halimo katika ratiba.

Mwili wa mbwa una mipaka ambayo hulka haiwezi kuivuka. Mbwa mchanga asifanyishwe mbio ndefu kabla mifupa yake haijakomaa, jambo ambalo kwa aina nyingi hufikiwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mbwa wenye pua fupi, kama French Bulldog waliojaa London siku hizi, wasifanywe wakimbiaji kabisa. Mbwa hapozwi na jasho kama binadamu. Hutegemea kutweta, na pua iliyobanwa haitweti vya kutosha. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za madaktari wa mifugo kupitia chuo cha Royal Veterinary College, kilichopo Camden, walibaini kwamba takriban robo tatu ya visa vya mbwa kuugua kwa joto vilisababishwa na mazoezi, na si kwa kufungiwa ndani ya magari kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo wakati wa kiangazi mbio za mbwa wote hufanywa alfajiri, na lami hupimwa kwa kiganja cha mkono: kikishindwa kuvumilia sekunde chache, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia. Tarehe 19 Julai 2022, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Heathrow kilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, hapakuwa na zoezi lolote la mbio lililomfaa mbwa wa aina yoyote, na kilichofaa ni sakafu baridi ya jikoni na bakuli la maji.