Mshahara Usiishe Kabla ya Mwezi

Katika kambi zetu za Kampala, iwe Mbuya au Makindye, Naguru au Nsambya, siku ya mshahara hujulikana pasipo kutangazwa. Majikoni hunukia nyama, watoto hupata viatu, na mwenye duka hulipwa deni la mwezi uliopita. Lakini ifikapo tarehe 15, sufuria hupungua, na daftari la madeni dukani hufunguliwa upya.

Ndugu msomaji, jambo hili si la kumwonea mtu haya. Mshahara wa askari una kiasi chake, na bei za mji mkuu haziulizi cheo cha mtu. Hata hivyo, nyumba nyingi huumia kwa sababu ya namna fedha zinavyotoka kuliko kwa uchache wake.

Hesabu ya watu wawili

Jambo la kwanza ni mume na mke kuketi pamoja siku ile ile ya mshahara, wakiwa na daftari na kalamu. Waanze na lisiloweza kungoja, nalo ni karo. Shule zetu zina mihula mitatu kwa mwaka, maana yake kila karo ina miezi minne ya kuitafuta. Ikiwa karo ya muhula ni shilingi 400,000, tengeni 100,000 kila mwezi, wala msingoje barua ya mwalimu mkuu.

Baba akiwa kazini mbali, kama wengi waliotumwa Somalia tangu mwaka 2007, daftari likae kwa mama, na kila mmoja amwambie mwenzake kweli. Fedha iliyofichwa huzaa ugomvi ambao hauna bei.

Soko na sigiri

Nakasero ni soko zuri, lakini si la kila siku kwa mwenye mshahara mdogo. Mama mwenye busara huenda Kalerwe au Owino mara moja kwa juma, akiwa na orodha mkononi. Familia tatu au nne zikichanga, zaweza kununua gunia la maharagwe na la unga wa posho, wakagawana kwa kipimo. Mukene na maharagwe hujenga mwili wa mtoto kwa gharama ndogo kuliko nyama.

Mkaa nao unahitaji akili. Mwezi Mei mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi ili kuokoa misitu, na wanunuzi wa Kampala waliuona uzito wake. Anayenunua kikopo cha shilingi 2,000 kila siku hutumia 60,000 kwa mwezi wa siku 30. Aulize kwanza bei ya gunia zima. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, kwani huiva upesi. Sigiri iwe ya udongo ndani, nayo makaa yazimwe chakula kikiisha kuiva, yatumike kesho.

Penye nafasi ya magunia mawili ya udongo, pana nafasi ya sukuma wiki na nakati. Kituo cha kilimo cha Halmashauri ya Jiji huko Kyanja hufundisha wakazi wa mji kilimo cha namna hii.

Kadi ya mshahara

Sasa tuseme lile ambalo wengi hulinong'ona tu. Mtoto augua usiku, fedha hakuna, na mkopeshaji wa mtaani yupo tayari. Hataki shamba wala ng'ombe; ataka kadi ya benki na namba yake ya siri. Tangu siku hiyo, mshahara unapoingia, yeye ndiye wa kwanza kuutoa, na mwenye jasho hupewa masalio. Riba hukua, na mke hushangaa kwa nini mumewe amebadilika.

Lifahamike kwamba sheria ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji fedha inawakataza kushika kadi ya benki, namba ya siri, au kitambulisho cha mtu kuwa rehani. Aliyekwisha kunaswa asijifiche: amweleze mwenzi wake, kisha amwone mkubwa wake wa kazi mapema, kabla deni halijameza nyumba.

Njia iliyo bora ipo. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005. Polisi wana Exodus, kilichoanzishwa mwaka 2007. Aliyeweka akiba huko hukopa kwa masharti yanayojulikana, na kadi yake hubaki mfukoni mwake. Hata shilingi 10,000 kila mwezi ni mwanzo, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Askari hafundishwi kufyatua risasi zote saa ya kwanza ya mapambano. Huzihesabu, kwa kuwa hajui usiku utakuwa mrefu kiasi gani. Nyumba nayo ihesabu shilingi zake vivyo hivyo, ili tarehe 30 imkute mama angali ana unga ndani ya pipa, na baba angali anaweza kupita mbele ya duka bila kuinamisha kichwa.