Damu Ikishapimwa Hutupwaje?

Askari mwenye homa hufika zahanati ya kambi asubuhi, akakunja mkono wa shati, akatolewa damu, kisha akaketi barazani kungojea jibu. Baada ya muda huitwa, akapewa karatasi yake na vidonge vyake, akarejea kwa jamaa yake. Kwake yeye shughuli imekwisha. Lakini damu yake haikwisha. Mpimaji ametumia matone machache tu. Iliyobaki imo katika kichupa, nacho kimesimama pamoja na vichupa vya watu wengine waliopimwa siku hiyo, kama vile mama mjamzito, mtoto wa koplo na polisi aliyetoka doria. Vichupa hivyo huwekwa kwa muda ili kipimo kikihitaji kurudiwa kirudiwe. Halafu hutupwa. Namna vinavyotupwa ni jambo linalowahusu wote wakaao karibu na zahanati, hata wale ambao hawajapata kuingia mlangoni mwake.

Yafaa ifahamike kwanza kuwa damu hujibu lile iliyoulizwa tu. Mtu aliyepimwa malaria akaambiwa hana, hajaambiwa kuwa damu yake haina virusi vya Ukimwi wala vya homa ya ini. Kwa sababu hiyo mpimaji aliyefundishwa vema hachagui kichupa cha kuogopa na kichupa cha kudharau. Kila damu huihesabu kuwa yenye hatari, iwe ya ofisa au ya kuruti, ya mzee au ya mtoto mchanga. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kubaki na nguvu ya kuambukiza kwa muda wa siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka. Basi doa jeusi lililo pembeni mwa meza, ambalo mpita njia angelidhani ni uchafu wa juzi, lingali na uwezo wa kumwingia mtu mwenye mchubuko kidoleni.

Mifano ya kale

Mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda walipelekwa Ulaya, ambako figo zao zilitumika katika kazi ya kutengeneza chanjo. Katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade huko Yugoslavia ya wakati huo, wafanyakazi wa maabara walioshika damu na viungo vya wanyama hao walianza kuugua homa isiyojulikana. Pamoja na wauguzi na jamaa waliowahudumia, watu 31 waliugua na 7 wakafa. Maradhi hayo yakapewa jina la Marburg.

Miaka tisa baadaye, mwezi Septemba 1976, chupa ya chai ilifika katika maabara moja ya mji wa Antwerp, Ubelgiji. Ndani yake mlikuwa na barafu na vichupa viwili vya damu ya mtawa aliyeugua Yambuku, katika nchi ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kichupa kimoja kilikuwa kimevunjika njiani, na damu imechanganyika na maji ya barafu iliyoyeyuka. Wataalamu walidhani huenda ni homa ya manjano, wakaifungua wakiwa na kinga ndogo sana kwa kadiri ya hatari iliyokuwamo. Walisalimika. Kirusi walichokuwa wamekishika ndicho kilichokuja kuitwa Ebola, ambacho mwaka 2000 kilizuka Gulu, kikawapata watu 425 na kuwaua 224.

Mambo haya mawili yanafundisha jambo moja. Damu haitangazi kilichomo ndani yake. Anayeishika au kuitupa hutenda kazi kabla ya kujua, kama vile mlinzi wa zamu ya usiku anavyomwamuru kila ajaye asimame kabla ya kumtambua.

Moto na dawa

Njia zinazotegemewa za kuua viini katika damu ya kutupwa ni mbili, yaani joto na dawa, na kila moja ina mahali pake.

Vichupa vilivyofungwa, vikiwa bado na damu, hufaa viuliwe viini kwa joto la mvuke, katika chombo kiitwacho otoklevu, ambacho kazi yake ni kama ya sufuria ya presha ya jikoni. Mvuke huo hufikia joto la nyuzi 121, na taka za damu huhitaji kukaa humo dakika 30 au zaidi kwa kadiri ya wingi wake. Dakika hizo huhesabiwa tangu joto lilipofika hapo, wala si tangu kifuniko kilipofungwa. Mfuko wa taka huachwa mdomo wazi, tena usishindiliwe, ili mvuke upenye hadi katikati. Baada ya hapo taka huchomwa katika tanuri la kuchomea taka za hospitali au kufukiwa katika shimo lenye ulinzi. Kuchoma vichupa vya plastiki uani kwa majani makavu hakufai. Moshi wake una sumu, na mara nyingi moto huzimika vya katikati vikiwa havijaungua.

Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, ni ya kufutia meza, kutia juu ya damu iliyomwagika na kulowekea vyombo vilivyo wazi. Nguvu inayotakiwa kwa damu ni nusu kwa mia. Ikiwa chupa imeandikwa 3.5 kwa mia, kikombe kimoja cha dawa hutiwa vikombe 6 vya maji. Ikiwa imeandikwa 5 kwa mia, hutiwa vikombe 9. Mchanganyiko hutengenezwa upya kila siku, kwa kuwa jua na joto huipunguza nguvu.

Hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Kosa la kwanza ni kutumbukiza vichupa vilivyofungwa katika ndoo ya dawa na kudhani kazi imekwisha. Dawa haipiti kizibo. Imeosha nje, na ndani damu i vile vile. Kosa la pili ni kusahau kuwa damu yenyewe huila dawa. Ndoo iliyotiwa asubuhi, ikapokea damu mchana kutwa, jioni yaweza kuwa maji yenye harufu tu. Kosa la tatu ni kupeleka vitu vilivyoloweshwa klorini katika otoklevu au tanuri, ambako hutoa hewa inayochoma mapafu. Kwa sababu iyo hiyo, klorini haichanganywi na asidi, wala na mkojo, wala na dawa nyingine za kusafishia choo.

Nyumbani na uwanjani

Askari aliyepigana anajua habari ya bomu lililobaki porini vita vilipokwisha. Halikumlipukia adui, bali humngojea mchunga mbuzi. Kichupa cha damu kilichotupwa jalalani hakina tofauti na bomu hilo. Mtoto hukiona kizuri, chenye kizibo chekundu au cha zambarau, akakichukua cha kuchezea. Mama na baba wawafundishe watoto kutokigusa, wakae mbali nacho, na wamwite mtu mzima, ambaye atawaarifu watu wa zahanati. Koti la maabara nalo lisiletwe nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za mtoto. Lifuliwe huko huko kazini.

Damu ikimwagika nyumbani, kwa mfano mtu akijikata, anayesafisha avae glovu. Kama kuna vigae vya gilasi, avizoe kwa kibao wala asiviokote kwa mkono. Aifunike damu kwa kitambaa, aimiminie dawa ya nusu kwa mia, angoje dakika 10 au zaidi, ndipo afute na kuosha kwa sabuni.

Na mtu akichomwa na sindano au kigae cha maabara? Mwezi Novemba 1976, mtaalamu mmoja huko Uingereza alijichoma kidole gumba alipokuwa akishughulikia kirusi cha Ebola. Alivua glovu na kukitumbukiza kidole katika dawa ya klorini papo hapo. Hata hivyo aliugua baada ya siku 6, na akapona kwa kutibiwa. Klorini ni ya meza na vyombo, si ya jeraha. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, asinyonye, aende kwa mganga siku ile ile. Dawa ya kuzuia Ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwisho, na akumbukwe yule abebaye ndoo. Jioni, mpimaji akishafunga daftari lake, ni mfagiaji anayebaki na vichupa, na aghalabu ndiye asiyeelezwa kilichomo. Hapana budi apewe glovu nene, viatu vya kufunika miguu, chanjo kamili ya homa ya ini aina ya B, na mafundisho kwa lugha anayoielewa. Mkuu wa kambi hukagua ghala la silaha na kuhesabu risasi moja moja. Siku hiyo hiyo akipita nyuma ya zahanati, aulize dawa ya leo imechanganywa saa ngapi na na nani, otoklevu ilifika joto gani, na ufunguo wa shimo la taka anao nani. Akijibiwa maswali hayo bila kusita, mfagiaji ataweza kurudi kwake jioni na kumbeba mtoto wake bila hofu.