Umepunguza ugali? Sasa protini unakula kiasi gani?

UKITAKA kuanzisha ubishi kijiweni Usoke, achana na Simba na Yanga. Sema tu kwamba mchezaji mpira hahitaji ugali. Hapo hata mzee aliyekuja kunywa kahawa kimyakimya atageuka.

Na ubishi wenyewe si wa bure. Somo la kupunguza wanga limesambaa nchi nzima, hasa tangu Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, alipoanza kulisema hadharani. Ugali, wali, sukari na soda vipungue, na watu waache kula ovyo. Video zake zimezunguka kwenye simu mpaka vijijini.

Ujumbe ule ulilenga kitambi, kisukari na presha. Shida inaanza pale kijana wa miaka 19, kilo 65, hana hata alama ya kitambi, anapousikia na kuacha ugali kabisa eti awe 'fiti'. Asubuhi yuko kwenye tumbaku, saa 10 jioni yuko uwanjani kwenye ndondo. Wiki ya kwanza anajiona mwepesi. Wiki ya tatu, dakika ya 60 tu, gari limekata moto.

Swali ambalo hajajiuliza ni moja: ugali umeondoka, protini ni kiasi gani?

HESABU NI YA KILO ZAKO

Protini ndiyo inayojenga na kukarabati misuli. Haipimwi kwa ukubwa wa sahani, inapimwa kwa uzito wa mwili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la Chakula na Kilimo (FAO) wanasema mtu mzima wa kawaida anatosheka na gramu 0.83 kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku. Kwa kijana wetu wa kilo 65 hiyo ni kama gramu 54.

Mchezaji ni habari nyingine. Jopo la wataalamu wa lishe la UEFA, kwenye mwongozo wake uliotoka mwaka 2020, liliweka gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kilo. Kwa kilo 65 ni gramu 104 hadi 143. Karibu mara mbili ya mtu wa kawaida, na zaidi.

Je, ukizidisha unapata msuli zaidi? Hapana. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wastani, ukishavuka gramu 1.6 kwa kilo faida ya msuli huwa imeshafika mwisho. Anayepunguza chakula anahitaji kukaa upande wa juu wa kipimo hicho, kwa sababu mwili wenye njaa hugeuka na kuanza kula misuli yake wenyewe.

Angalizo moja, maana wengi wanapigwa chenga hapa. Gramu 100 za nyama si gramu 100 za protini. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, gramu 100, ina protini kama 26 tu. Zilizobaki nyingi ni maji na mafuta.

UGALI NAO UNA PROTINI

Sasa tuje kwenye sahani ya Usoke. Mayai matatu yana protini kama gramu 18. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Karanga viganja viwili, kama gramu 50, zinakupa 13. Glasi ya mtindi, 8. Dagaa wakavu gramu 50, wale wanaopanda treni Kigoma na kushuka vituo vya njiani, wanakupa kama 30.

Jumla ni 84. Bado hujafika 104.

Zinazobaki zinatoka wapi? Kwenye ugali huohuo uliotupwa. Unga wa dona gramu 300, kwa milo miwili ya siku, una protini kama gramu 24. Jumla inakuwa 108 na kijana amevuka mstari. Watu wanaudharau ugali kwa kudhani ni wanga mtupu, kumbe kwa familia nyingi umekuwa ukibeba sehemu kubwa ya protini ya siku bila kusifiwa, kama kiungo mkabaji.

Kwa hiyo anayeondoa ugali na kubaki na mlenda tu hajapunguza wanga peke yake. Amepunguza na protini. Mlenda ni mboga nzuri, nsansa nayo vilevile, lakini hazitamfikisha 104. Lazima aongeze mayai mengine manne, au dagaa gramu 40 zaidi, kufidia zile 24 tu. Na mfuko uwe unaruhusu, maana karanga Tabora zinapatikana ila mayai saba kwa siku si mchezo.

PROTINI HAIKIMBII

Hata akifidia, kuna kazi moja ambayo protini haiiwezi vizuri: kukimbia. Mbio fupi za kasi, kuruka, kukaba na kurudi, vyote vinatumia wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, unaoitwa glaikojeni.

Mwaka 1973 mtafiti wa Sweden, Bengt Saltin, alionyesha kwamba wachezaji walioanza mechi wakiwa na glaikojeni kidogo kwenye mapaja walikimbia umbali mfupi na kutembea sana kuliko wenzao. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake wa Australia waliwajaribu wanariadha wa kiwango cha juu wa matembezi ya kasi. Waliokula wanga kidogo na mafuta mengi walifanya mazoezi yaleyale, lakini muda wao wa kilomita 10 haukuboreka. Waliokula wanga wa kutosha waliboresha.

Ndiyo maana wataalamu wa UEFA wanataka mchezaji apate wanga gramu 6 hadi 8 kwa kilo siku moja kabla ya mechi na siku ya mechi yenyewe. Kwa kilo 65 ni gramu 390 na kuendelea. Linganisha na mlo wa wanga kidogo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa chini ya gramu 130 kwa siku. Ni mbingu na ardhi.

Watu wa ukanda huu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kwenye njia ya misafara, Bagamoyo hadi Tabora na mpaka Ujiji, walilipwa posho ya nafaka, kibaba kwa siku. Mzigo wa kama kilo 30 begani. Posho ilipokosekana, msafara ulisimama.

MCHEZAJI NA SHABIKI SI WAMOJA

Basi Profesa kakosea? Hapana. Kila mtu asome ujumbe kwa mwili wake.

Shabiki anayekaa kwenye kiti cha plastiki dakika 90, soda mkononi na kitambi mbele, akipunguza ugali na sukari anajisaidia. Yeye protini yake iwe gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo, ili anachopungua kiwe mafuta na siyo misuli. Kama ana kilo 90 na anataka kufika 75, apige hesabu kwa ile 75: gramu 90 hadi 120 kwa siku. Agawe kwenye milo, asizirundike zote usiku.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuonana na daktari. Mwenye kisukari anayetumia dawa naye asikate wanga kienyeji, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

Mchezaji afanye hivi. Siku ya mapumziko, wanga upungue kidogo, hakuna ubaya. Siku ya mazoezi makali na siku ya mechi, ugali, wali, viazi au matobolwa virudi mezani, mlo mkubwa ukiliwa saa tatu au nne kabla ya filimbi. Protini ibaki palepale kila siku, ikigawanywa kwenye milo minne au mitano.

Novemba 2024, Tabora United waliifunga Yanga mabao 3-1 pale Azam Complex. Tangu hapo hakuna kijana wa mkoa huu anayeamini kwamba kutoka kwao mpaka Ligi Kuu ni mbali mno. Anayesaka vipaji akipita Usoke, hataangalia nani alikuwa mwepesi dakika ya 10. Ataangalia nani bado anakimbia dakika ya 85, na hiyo inaanzia kwenye sahani ya jana usiku.