Simu Inapomjulia Hali Mgonjwa

Wengi wetu wa Pwani tukitajiwa Kisian hatuijui. Ni mahali padogo magharibi ya Kisumu, hapo njia inapogawanyika, moja ikaenda Busia na nyingine ikashika Bondo. Lakini wataalamu wa tiba duniani wanapajua, kwa sababu Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, ina kituo kikubwa hapo.

Siku hizi kila anayezungumza juu ya tiba hutaja kompyuta na simu, na aghalabu husema kana kwamba chombo chenyewe ndicho dawa. Nilipotaka kujua ukweli wa maneno hayo niliona heri niwatazame watu wa Kisian, kwani wao hawakusema tu, walipima.

Kuanzia mwaka 2001 watu wa kituo hicho walikuwa wakizunguka vijiji vya Asembo na Gem, huko Siaya, nyumba kwa nyumba, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Kwa hiyo mwaka 2013 walipotaka kujua kama simu itawafanya wazazi wawapeleke watoto kuchanjwa, walikuwa na pa kuanzia. Vijiji 152 viligawanywa mafungu manne. Fungu la kwanza halikupelekewa kitu. La pili lilipata ujumbe wa simu wa kukumbusha siku ya chanjo. La tatu lilipata ujumbe, na shilingi 75 zikiingia katika simu kila mtoto akichanjwa kwa wakati wake. La nne lilipata ujumbe na shilingi 200.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Pale pasipopelekwa kitu, watoto 82 katika kila 100 walikuwa wamekamilisha chanjo walipotimiza mwaka. Waliopata ujumbe mtupu, 86. Waliopata ujumbe na shilingi 75, ni 86 vile vile. Waliopata shilingi 200, wakafika 90, na ni fungu hili tu ambalo wataalamu walikubali kuwa tofauti yake si ya kubahatisha.

Mimi hesabu hii naisoma hivi: mama wa Gem hakuwa amesahau. Anayajua maradhi ya watoto kuliko anayemwandikia ujumbe. Linalomzuia huenda ni nauli, au ni kuacha genge lake siku nzima ili akapange foleni. Simu ilifaa ilipobeba kitu cha kumwondolea uzito huo.

Lakini haina maana kuwa neno tupu halifai kabisa. Hapo Chulaimbo, mwendo mfupi kutoka Kisian ukiishika njia ya Busia, wagonjwa 431 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI walifuatiliwa kwa wiki 48. Baadhi yao walikumbushwa kwa simu kila siku, wengine mara moja kwa wiki, na wengine hawakukumbushwa. Waliokumbushwa kila wiki walishika dawa zao vizuri zaidi: 53 katika 100, na wasiokumbushwa ni 40. Na wale wa kila siku? Hawakuwapita wasiokumbushwa. Mtu akikubishia hodi kila asubuhi utamzoea, mwisho huinuki.

Na Nairobi na Kajiado lilifanywa jambo lililonipendeza zaidi, nalo likatangazwa mwaka 2010. Wagonjwa wa maradhi hayo hayo walipelekewa kila wiki neno moja tu: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa ajibu “Sawa” au “Shida”. Najua wazee wa Lamu watakunja uso, mgonjwa kuamkiwa kwa salamu ya vijana wa vijiweni! Hata mimi ningechagua neno lenye heshima zaidi. Ila tazama kilichofuata: aliyejibu “Shida”, na aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa simu na muuguzi. Walioshika dawa zao wakawa 62 katika 100, ilhali wenzao wasioulizwa ni 50.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye, na anayezuru hutazama, husikiliza, na akiona upungufu hurudi na kitu mkononi. Simu ya Nairobi ilifanya kazi kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mtu anayengoja jibu.

Swali linalonikera ni la sitara. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ya Kenya iliwakabidhi simu wahudumu wa afya wa mitaani wapatao laki moja, waandike humo habari za kila nyumba wanayoiingia. Sheria ya kulinda habari za watu ipo tangu 2019, na ya afya ya kidijitali imetungwa 2023. Ni vyema. Lakini sheria haifiki chumbani, ambamo mara nyingi simu ni moja, ikishikwa na mume leo, kesho na shemeji, na jioni watoto wakiichezea. Watu wa Chulaimbo walilifikiria hilo mapema: ujumbe wao mfupi ulisema tu kuwa huu ni ukumbusho wako, haukutaja dawa wala maradhi. Mwenye siri alielewa, na mwengine yeyote aliyeuona hakupata la kusimulia.